Macho Mawili ya Chenge

Daktari Whitcombe wa Mwanza alikuwa na kipaji ambacho hakijawahi kuonekana kwa mganga yeyote, mweupe wala mweusi. Aliweza kusikiliza mapafu ya mtu aliyesimama hatua kumi mbali, yeye akiwa amekaa, miguu juu ya meza, kiko mdomoni, na gazeti la miezi miwili iliyopita limemfunika uso. Manamba waliopita mbele ya kibaraza chake walimwita Bwana Sawasawa. Mwenyewe alidhani ni sifa.

Manamba hao walikuwa wanaume wa Usukuma waliojiandikisha kwenda kukata mkonge Tanga, mkataba wa mwaka, ili warudi na hela ya kodi na, Mungu akipenda, na ya ndama mmoja. Sheria ilitaka kila mmoja apimwe mwili na daktari kabla hajapanda gari moshi. Kampuni ya mkonge ikamlipa Whitcombe kwa kichwa, na malipo yakafuata fomu. Fomu ilikuwa na vyumba kumi: macho, masikio, moyo, mapafu, wengu, ngiri, mikono, miguu, ngozi, na cha mwisho, akili. Vyumba vyote kumi vikijazwa, huo ni uchunguzi kamili, shilingi mbili. Kikibaki kimoja kitupu, hiyo ni kutazama tu, senti hamsini. Kwa miaka minne hakuna chumba kilichobaki kitupu. Wala hakuna mtu aliyetazamwa.

Aliyekuwa akivijaza vyumba hivyo ni Malimi, mtu wa Nyegezi, mwenye hati nzuri kuliko makarani wote wa mjini. Hati hiyo aliipata shule ya misheni, kabla hajafukuzwa. Alifukuzwa kwa kumwuliza padri, mbele ya darasa zima, kwamba kama Mungu anajua kila kitu, kwa nini padri anahangaika kuandika majina ya watoro. Padri alimjibu kwa fimbo, kisha kwa barua kwa baba yake.

Baada ya hapo akaokotwa na Rajabali, daktari mdogo wa Kihindi katika zahanati moja karibu na ziwa, mtu mwembamba aliyekuwa akikohoa kuliko wagonjwa wake. Rajabali ndiye aliyemfanya dresa. Alimfundisha kufunga vidonda, kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa, na kubonyeza chini ya mbavu za kushoto kutafuta wengu uliovimba kwa homa. Na kila Malimi aliposhika kalamu, Rajabali aliuliza neno lile lile.

"Umegusa?"

"Nimegusa, Daktari."

"Andika. Na huyu, tumbo lake?"

"Huyu bado."

"Basi acha wazi. Chumba kitupu kinasema kweli, kinasema hapa hatujafika. Usikijaze kwa mate."

Rajabali akahamishiwa Bukoba, kikohozi na yote. Whitcombe akatangaza kwamba anatafuta dresa anayejua kuandika, shilingi arobaini kwa mwezi. Zahanati ilikuwa inatoa ishirini na tano. Malimi alikuwa na mke na nyumba isiyo na paa. Msimlaumu mapema, mlaumuni baadaye, nafasi itakuwepo.

Wiki ya kwanza alijaribu. Alimletea Whitcombe fomu yenye chumba kimoja kitupu, cha ngiri. Whitcombe akaishika kwa ncha ya vidole kama panya aliyekufa.

"Malimi, hii nini?"

"Hakupimwa ngiri, Bwana."

"Yeye iko na ngiri?"

"Sijui, Bwana. Hakuna aliyemshika."

"Wewe hapana jua?"

"Sijui."

"Mimi vilevile hapana jua. Sisi wawili hapana jua, basi hakuna ngiri. Andika sawa."

Malimi akaandika sawa, na Whitcombe akawa amepona hasara ya shilingi moja na nusu. Huo ndio ulikuwa uponyaji wa pekee uliowahi kushuhudiwa kwenye kibaraza kile.

Kuanzia hapo kazi ikapata utaratibu wake. Ijumaa mchana, wakati hakuna watu, Malimi aliketi na fomu hamsini na kuzijaza zote: sawa, sawa, sawa, mara kumi kila moja, na tarehe ya Jumatatu inayokuja. Whitcombe akishakula chakula cha mchana alizipigia sahihi zote kwa mkupuo mmoja, akijipepea kwa kofia. Jumatatu manamba walipofika, kilichobaki ni jina. Kwa hiyo kila mwisho wa wiki, ndani ya droo ya meza, walilala Wasukuma hamsini wenye afya njema na akili timamu, wakingoja kuitwa nani.

Malimi alikasirika, tena sana. Lakini hasira yake ilikuwa hasira ya mshahara: ilipanda tangu tarehe tano, ikafika kooni tarehe ishirini na nane, na tarehe ya mwisho wa mwezi ikalipwa na kunyamaza. Nyumba ikapata paa la bati. Mkewe, Teodora, akanunua kanga mbili. Miaka minne ikapita hivyo, uchunguzi kamili, shilingi mbili.

Mwaka 1938, Jumanne moja, saa nane mchana, mwanamke akaja dirishani kwake na miguu yenye vumbi mpaka magotini. Hakusalimia.

"Wewe ndiye Malimi?"

"Ni mimi, mama. Wagonjwa ni kesho."

"Siumwi. Nimetembea kutoka Kisesa kuja kumwona mtu aliyeona jicho ambalo mimi, mke wa mtu, sijaliona kwa miaka tisa."

Malimi akaweka kalamu chini. Mwanamke huyo aliitwa Odeta, mke wa Chenge. Alisema maneno yake akiwa amesimama wima, bila kulia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Chenge alitobolewa jicho la kushoto na pembe la ng'ombe akiwa mtoto wa miaka saba. Kisesa nzima inajua, hata ng'ombe wa Kisesa wanajua. Mwaka jana akaja Mwanza, akaandikishwa, akaenda Tanga. Kule wakamweka kwenye mashine ya kukamua mkonge, upande ambao majani yanaingilia kushoto kwake, upande asiouona. Mashine ikamla vidole vinne vya mkono wa kushoto. Alipodai fidia, kampuni ikatoa fomu yake ya daktari: macho yote mawili, sawa. Ikasema, mtu huyu ana jicho moja, basi alimficha daktari upofu wake, amepata mkataba kwa udanganyifu. Badala ya fidia akarudishwa kwao na askari.

"Keshokutwa wanamshitaki bomani," Odeta akasema. "Akishindwa, jela miezi sita. Nauliza mimi, baba. Pale kushoto ni shimo. Mtu anafichaje shimo? Aliweka jiwe?"

Malimi alivuta faili la mwaka uliopita, akapekua mpaka akaifikia. Fomu namba mia mbili na kumi na mbili. Hati ilikuwa yake, herufi zimelala vizuri kama ng'ombe walioshiba. *Macho: yote mawili, sawa.* Akajaribu kukumbuka uso. Hakuna uso uliokuja.

"Ulimwona?" Odeta akauliza.

"Alipita hapa, mama."

"Sikuulizi kupita. Hata mbuzi wanapita hapa. Ulimwona?"

"Nilimwuliza jina."

"Basi jina ndilo lenye macho mawili. Mume wangu ana moja." Akaegemea dirisha, uso wake karibu kabisa na wa Malimi. "Alisimama hapa nilipo mimi. Nuru ilikuwa inamwangaza. Na wewe, mwenye macho mawili, ulikuwa unatazama wino."

Alipoondoka, Malimi akabaki anatafuta wa kumkasirikia. Wa kwanza alikuwa Whitcombe, huyo alikuwa amemzoea. Wa pili ilikuwa kampuni. Wa tatu alikuwa amevaa suruali ya Malimi, amekaa kwenye kiti cha Malimi, na alikuwa na paa la bati Nyegezi. Huyo alimchelewesha kidogo. Lakini alipomaliza naye, hasira ilikuwa imefika mahali ambapo mshahara haufiki.

Kesho yake Whitcombe akamwita kibarazani. Alikuwa ameondoa miguu mezani, ishara ya hatari.

"Malimi, kesho sisi kwenda boma. Bwana Shauri taka uliza wewe. Wewe sema hivi. Hii mtu Chenge kuja na kitambaa juu ya jicho. Yeye kusema, Bwana, jicho uma kidogo tu, kesho pona. Sisi watu wema, sisi amini yeye."

"Na uchunguzi, Bwana? Tuliandika kamili."

"Kamili kabisa."

"Wa jicho lililofungwa kitambaa?"

Whitcombe akatoa kiko mdomoni. "Hapana cheza na mimi. Hati hii ya nani? Ya wewe. Mimi weka sahihi tu. Kama iko kosa, kosa ya hati. Umesikia? Na mwezi ujao shilingi hamsini."

"Nimesikia, Bwana," Malimi akasema. Na ni kweli alikuwa amesikia. Jioni ile, kabla ya kufunga ofisi, alifungua droo. Wiki ile manamba walikuwa wamekuja wachache, zikabaki fomu za ziada, na Whitcombe, asiyependa kazi kupotea, alikuwa ameagiza zigeuzwe tarehe kuwa Jumatatu inayofuata na kuzipigia sahihi upya. Malimi akazihesabu, akazikunja, akazitia ndani ya koti.

Alhamisi bomani palijaa. Watu wa Kisesa walikuja na mablanketi yao, watu wa Buzuruga walikuja kwa sababu watu wa Kisesa wamekuja. Bwana Shauri, afisa wa serikali aliyeamua kesi, alikuwa Mwingereza kijana mwenye magoti mekundu, aliyeonekana kama mtu anayetamani kuwa mahali pengine penye baridi. Pembeni aliketi wakala wa kampuni, ndiye aliyekuwa akiwaandikisha manamba na kumlipa Whitcombe, mnene, anasinzia. Chenge akasimamishwa mbele: mrefu, mkono umefungwa tambara, na upande wa kushoto wa uso wake shimo lile, mtu angeliona akiwa kisiwani Ukerewe.

"Chenge," Bwana Shauri akasema, "ulimficha daktari jicho lako?"

"Sikulificha, Bwana. Liliondoka lenyewe, mimi nikiwa mdogo."

Watu wakacheka. Askari akapiga kitako cha bunduki chini. Whitcombe akasimama, akaongea Kiingereza muda mrefu, na kwenye Kiingereza chake mlikuwa na kitambaa, na wema, na kuaminiana, na jinsi watu wa huku walivyo wajanja. Wakala hakuamka. Halafu akaitwa Malimi.

"Fomu hii ni hati yako?"

"Ni yangu, Bwana."

"Eleza jicho hili lilipimwaje."

Malimi akatia mkono ndani ya koti. Askari akashtuka. "Kabla sijajibu, Bwana Shauri, naomba uwapokee watu hawa," akasema, akaweka rundo la karatasi mezani.

"Watu gani?"

"Ni thelathini na wanne. Wote wazima. Moyo sawa, wengu sawa, macho yote mawili. Huyo wa juu hata akili zake ni sawa."

Bwana Shauri akachukua ya juu, akaisoma, akaigeuza, akachukua ya pili. Shingo yake ikaanza kufanana na magoti yake. "Hapa hapana jina."

"Hawajapatikana bado, Bwana. Watakuja Jumatatu."

"Tarehe hii ni ya Jumatatu."

"Ndiyo, Bwana."

"Na hii ni sahihi ya Daktari?"

"Ndiyo, Bwana. Aliweka baada ya kula."

Mtu wa Kisesa, nyuma kabisa, akapaza sauti, "Kumbe sisi tunapimwa kabla hatujafika!" na boma zima likaangua kicheko. Askari alipiga chini mpaka akachoka.

Malimi hakucheka. "Unauliza jicho lilipimwaje. Halikupimwa. Mimi sikumgusa Chenge. Daktari hakumgusa. Hakuna aliyemgusa, Bwana, mpaka mashine. Huyu hakuficha kitu. Mtu anamficha anayemtafuta, na hapa hakuna aliyemtafuta. Nimeandika uongo kwa mkono huu miaka minne, na kila uongo umelipiwa shilingi mbili."

Hapo ndipo wakala alipoamka. Hakuamka kwa vidole vinne, vidole vilisikilizwa kwa utulivu mkubwa. Aliamka kwa shilingi mbili. Alisimama, kiti kikaanguka, akamnyooshea Whitcombe kidole na kupiga kelele kwa Kiingereza, na ingawa wengi pale hawakujua Kiingereza, kila mtu alielewa kwamba mnene amejua ameibiwa. "Miaka minne!" alirudia. "Miaka minne!" Mtu aliyekuwa amelala miaka minne hiyo hiyo.

Hukumu ilikuja saa sita. Chenge hakudanganya, aende zake. Kampuni imlipe vidole vyake, shilingi kumi kila kimoja. Wakala akajaribu kusema kidole kidogo kihesabiwe nusu, Bwana Shauri akamtazama tu. Habari ya Daktari Whitcombe ingezungumzwa faraghani, kama inavyozungumzwa baina ya waungwana. Habari ya Malimi haikuhitaji faragha: faini shilingi ishirini kwa kuandika uongo, na kwa kuchukua karatasi za ofisi bila ruhusa, kazi hana.

Odeta akanyoosha mkono. "Bwana Shauri, na jicho?"

"Jicho gani?"

"Karatasi ya serikali inasema mume wangu aliondoka Mwanza na macho mawili. Amerudi na moja. Sisi si wajuzi wa karatasi, lakini jingine liko wapi?"

Bwana Shauri akakusanya vitabu vyake haraka sana, akasema shauri limekwisha.

Nje, Chenge akamsogelea Malimi. Malimi alidhani atashukuriwa, akawa anatafuta neno la kujibu. Chenge akamtazama kwa jicho lake moja, kwa muda, kama mtu anayepima ng'ombe.

"Nilitaka tu kukuona," akasema. Kisha wakashika njia ya Kisesa, yeye na Odeta.

Jumatatu Malimi akaenda kuchukua mshahara wake wa mwisho. Whitcombe alikuwa bado yupo, mazungumzo ya faraghani hayakumwuma popote. Foleni ya manamba ilikuwa imeshapangwa uani, watu hamsini au pungufu kidogo, na kwenye meza ya Malimi palikaa kijana mpya wa misheni aitwaye Antoni, jasho linamtoka. Utaratibu wa ofisi ulitaka kila anayeacha kazi apimwe mwili, na shilingi mbili za uchunguzi zikatwe kwenye mshahara wake. Antoni akamsukumia fomu.

"Tia sahihi hapa tu, kaka, upewe hela yako."

Malimi akaisoma. Vyumba kumi, sawa mara kumi. Sahihi ya Daktari. Jina lake lilikuwa bado bichi, wino ukiwaka.

"Nani amenipima?"

Antoni akainama. "Kaka, mimi nimeanza leo."

Malimi akaiacha fomu mezani, akapanda ngazi za kibaraza, akasimama mbele ya gazeti. Akavua koti. Akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akalivua nalo, akalikunja, akaliweka juu ya miguu ya Whitcombe iliyokuwa mezani.

Gazeti likashuka. "Wewe nini? Wewe sawa. Chukua pesa, kwenda."

"Nimekatwa shilingi mbili, Bwana. Za uchunguzi kamili. Niguse."

"Mimi ita askari."

"Mwite. Boma liko karibu, na Bwana Shauri hajasahau jina lako. Askari akifika atanikuta hapa, kifua wazi, nimelipa, nadai kupimwa. Niguse."

Uani foleni nzima ilikuwa imegeukia kibaraza. Whitcombe akawatazama wale watu hamsini, nao wakamtazama, kila mmoja kwa idadi yake ya macho. Akaondoa miguu. Akafungua kabati, akatoa mpira wa kusikilizia, na ule mpira, kwa kukaa miaka na joto la Mwanza, ulikuwa umegandana, ikabidi auvute kwa nguvu. Akautia masikioni, akaweka kikombe chake kwenye kifua cha Malimi, upande wa kulia.

"Kushoto, Bwana," Malimi akasema.

Whitcombe akahamisha. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, mkono wa daktari uligusa ngozi. Ulikuwa baridi na ulikuwa na woga. Akasikiliza. Uso ukambadilika, kama mtu aliyetega sikio ukutani na kukuta kuna watu wengi upande wa pili.

"Inakwenda mbio sana," akasema.

"Usiniambie mimi. Mwambie Antoni aandike."

"Moyo," Whitcombe akamwambia Antoni, sauti ndogo, "mbio."

"Aandike na sababu."

Antoni, pale chini, akafuta sawa ya moyo, wino ukatapakaa karatasi nzima. Malimi hakuwa na haraka. Vilibaki vyumba tisa, na alikuwa amevilipia. Akageuza mgongo kwa ajili ya mapafu, na alipogeuka akawa anaitazama foleni. Mtu wa kwanza alikuwa ameshavua shuka yake, ameikunja, ameiweka begani. Wa pili alikuwa anafungua fundo la yake.